Kutoweza si Uvivu: Msongo wa Mawazo kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Sababu Zake



  

Kila mwaka katika jarida letu hili tunawapongeza vijana waliotoka hapa madrasa wakachaguliwa kujiunga na vyuo vikuu. Tunawaombea dua, tunawachangia nauli, kisha tunawasindikiza kituo cha mabasi. Tukishawasindikiza, wengi wetu huona tumemaliza kazi. Somo la mwaka huu linahusu yale yanayowakuta baada ya basi kuondoka.

UTANGULIZI: KOSA LANGU

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita kijana mmoja aliyehitimu hapa kwetu, ambaye alikuwa akiwasomesha wadogo zake juzuu ya Amma, alikuja likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Baada ya swala ya Alasiri alikaa nami barazani akaniambia: "Ustadh, silali. Nasoma ukurasa mmoja mara kumi na sipati kitu. Moyo unanidunda kama mtu anayefukuzwa." Nami nikamjibu haraka haraka, kwani watoto walikuwa wananisubiri darasani: "Imani imepungua hiyo. Zidisha swala za usiku, punguza simu, acha uvivu." Akasema, "Inshaallah, Ustadh." Akainuka akaenda zake.

Alirudi Dar es Salaam lakini hakurudi darasani. Karibu muhula mzima alikuwa amejifungia katika chumba cha rafiki yake. Baba yake, anayeuza samaki pale Deep Sea hapa Tanga, aliendelea kumtumia fedha za matumizi, na kila alipopiga simu aliambiwa kuwa masomo yanakwenda vizuri. Aliyegundua ni bibi yake. Yeye hakuuliza habari za masomo. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, unakula?" Kijana akaanza kulia kwenye simu.

Ameniruhusu nikieleze kisa hiki bila ya kumtaja jina, ili wengine wasifikie alipofikia yeye. Tangu siku ile, kila likizo nimekuwa nikikaa na wanafunzi wetu wa zamani walioko vyuoni, wavulana kwa wasichana, na kuwauliza hali zao. Mimi mwenyewe sikusoma chuo kikuu; nina stashahada ya masomo ya Kiislamu. Hivyo mengi ya chuoni nitakayoyaeleza hapa nimefundishwa na wanafunzi wangu.

MSONGO WA MAWAZO NI NINI?

Vijana husema "nina stresi". Kiswahili chake ni msongo wa mawazo, yaani hali ya mtu kubanwa na mambo yanayomtaka zaidi ya anavyoona anaweza kuyatimiza. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha maelezo mafupi akionesha kuwa mwili hupambana na madhara ya aina mbalimbali kwa njia inayofanana. Tangu hapo elimu hii imepanuka sana.

Mwenyezi Mungu (s.w.) ameuumba mwili wa mwanadamu na uwezo wa kujihami. Mtu akiona hatari, ubongo hutoa amri, na tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga ndani ya damu kemikali ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hukimbia, pumzi hupanda, misuli hukaza, na usingizi hutoweka. Hii ni neema. Mtu aliyekutana na nyoka njiani anaihitaji, na hata wasiwasi kidogo kabla ya mtihani humwamsha mwanafunzi akasoma.

Matatizo huanza pale hali hiyo inapokosa mwisho. Mtu akikimbia mvua, akifika barazani hupumzika. Lakini mwanafunzi anayekimbia muhula mzima bila ya kuliona baraza, mwili wake huchoka, usingizi huharibika, kumbukumbu hupungua, na maradhi humwingia kwa urahisi. Kijana wetu aliposema moyo unamdunda kama anayefukuzwa, alikuwa ameeleza sawasawa.

JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Hili ndilo jibu nililolitoa mimi, na ndilo jibu linalotolewa katika nyumba nyingi. Tulipime kwa Qur'an na Sira.

Katika Surat Yusuf (12:84-86) tunafahamishwa kuwa Nabii Ya'aqub (a.s.) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe hadi macho yake yakawa meupe, na akamlalamikia Mola wake huzuni yake. Katika Surat Maryam (19:23) bibi Maryam, katika uchungu wa uzazi na akiwa peke yake, alitamani lau angelikuwa amekufa na kusahauliwa kabla ya siku ile. Katika Surat Al-Qasas (28:10) mama yake Nabii Musa (a.s.) moyo wake ulibaki mtupu kwa hofu ya mwanawe, akakaribia kuitoboa siri, hadi Allah (s.w.) alipoutia nguvu. Na Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipofiwa na bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib katika mwaka wa kumi wa Utume, mwaka ule ulijulikana kuwa ni Mwaka wa Huzuni. Nani kati yetu atathubutu kusema kuwa hawa walikuwa na imani haba?

Tumtazame na mwalimu wa chuo. Imam Abu Hamid Al-Ghazali alizaliwa Tus mwaka 450 Hijria (1058). Akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu aliteuliwa kufundisha Nidhamiyya ya Baghdad, iliyokuwa miongoni mwa vyuo vikubwa kabisa vya zama zake. Mwaka 488 Hijria (1095), baada ya miezi ya kuvutana na nafsi yake, ulimi wake ulifungika. Alikuwa akitaka kuwafundisha wanafunzi wake na neno halitoki. Chakula hakikushuka. Matabibu walisema ugonjwa umeanzia moyoni na wakakata tamaa ya kumtibu kwa dawa. Haya ameyasimulia mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh min adh-Dhalal. Sababu yake haikuwa ada wala mtihani. Alikuwa akiitilia shaka nia yake katika kazi yake. Lakini tuangalie alichofanya: aliacha kazi, akaondoka Baghdad, akakaa mbali kwa miaka kadhaa, na alirejea kufundisha Nishapur mwaka 499 Hijria (1106). Umma haukumhesabu kuwa ni mvivu. Umemwita Hujjatul-Islam.

Ni kweli kuwa kumkumbuka Allah kunatuliza nyoyo, kama tunavyofundishwa katika Surat Ar-Ra'd (13:28). Dawa hii haina shaka. Kosa langu halikuwa kumwambia kijana aswali. Kosa langu lilikuwa kumpa dawa kabla ya kumuuliza wapi panauma.

DUA MOJA, MAMBO MANANE

Katika Sahihi Bukhari, Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha dua ya kujikinga kwa Allah na mambo manane. Wanafunzi wa darasa la tatu hapa madrasa wameihifadhi. Mambo yenyewe yamepangwa mawili mawili: hamm na hazan, 'ajz na kasal, jubn na bukhl, uzito wa dayn na kuelemewa na rijal. Nilipoyapanga yale niliyoambiwa na vijana wa vyuoni, niliona kila sababu inapata nafasi yake ndani ya dua hii. Basi tuifuate.

(a) Hamm na hazan: wasiwasi wa yajayo na huzuni ya yaliyopita

Wanazuoni wameeleza kuwa hamm ni dhiki ya jambo linalokuja, na hazan ni dhiki ya jambo lililopita.

Yajayo kwa mwanafunzi wa chuo ni matokeo na ajira. Katika vyuo vingi vya nchini kwetu sehemu ya alama hutokana na kazi za darasani, na sehemu kubwa iliyobaki hutegemea mtihani wa mwisho wa muhula. Aliyefeli somo hurudia mtihani, wenyewe huita "sapu". Aliyefeli zaidi ya kiwango huondolewa chuoni, wenyewe huita "kudisko". Neno hili la pili hulitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja msiba.

Kuhusu ajira, wazazi wengi bado tunafikiri kwa hesabu za zamani. Hadi mwaka 1984, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kilipoanzishwa, Tanzania ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam. Wahitimu walikuwa wachache na serikali iliwapangia kazi. Leo vyuo ni vingi, wahitimu ni wengi, na hapana anayewangoja mlangoni. Mwanafunzi analijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Mzazi akimwambia "ukimaliza tu, shida zetu zimekwisha", yeye hunyamaza, na kule kunyamaza ni mzigo.

Yaliyopita ni nyumbani alikokuacha, msiba ambao hakuuzika, kozi aliyoitaka akakosa. Lipo na jambo moja dogo linalowaumiza wengi. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake hujikuta ndani ya ukumbi wenye mamia ya waliokuwa wa kwanza katika shule zao. Anapata alama ya wastani kwa mara ya kwanza maishani, na anahisi amekuwa mtu mwingine.

(b) 'Ajz na kasal: kutoweza na uvivu

Hapa ndipo moyo wa somo letu ulipo. Mtume (s.a.w.) ametaja kutoweza peke yake na uvivu peke yake. 'Ajz ni kutaka jambo na kukosa uwezo wake. Kasal ni kuwa na uwezo na kukosa hima. Ni maradhi mawili, na dawa zake ni mbili. Tazameni lakini lugha yetu ilivyofanya. Kiswahili kimelichukua neno 'ajz likawa ajizi, tukasema "ajizi ni nyumba ya njaa", tukimkusudia mvivu. Mambo mawili aliyoyatenga Mtume (s.a.w.), sisi tumeyatia katika neno moja. Kijana akija kutuambia siwezi, tunasikia sitaki.

Mfano ulio wazi ni lugha ya kufundishia. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka yote kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Wengi hupita sekondari kwa kukariri maelezo ya mwalimu. Chuoni hapana cha kukariri. Anapewa vitabu vitano, anaambiwa asome, alinganishe, kisha aandike maoni yake kwa Kiingereza fasaha kurasa kumi. Binti mmoja aliniambia: "Ustadh, jibu ninalo kichwani kwa Kiswahili. Nikimaliza kulitafuta kwa Kiingereza, muda wa mtihani umekwisha." Huyu si mvivu. Anakesha kuliko wenziwe.

Uvivu nao upo, tusiufiche. Yupo anayeanza kazi ya wiki sita usiku wa mwisho, na anayefungua simu baada ya Isha akaifunga Alfajiri, kisha akasema ana stresi. Huyu msongo ameufuga mwenyewe. Lakini hata hapa tuulize, kwani wakati mwingine mtu huikimbilia simu kwa sababu kitabu kinamtisha.

(c) Jubn na bukhl: woga na ubahili

Woga wa mwanafunzi ni woga wa kuuliza. Anaogopa kunyoosha mkono darasani asije akachekwa Kiingereza chake. Anaogopa kugonga mlango wa mhadhiri. Na zaidi ya yote anaogopa kumwambia mzazi kuwa mambo ni magumu. Kijana wetu aliniambia kuwa kumdanganya baba yake kila Jumapili kulimchosha kuliko masomo yenyewe.

Ubahili tunaudhania kuwa ni wa mali tu. Upo ubahili wa sikio. Mwenziwe wa chumba kimoja anamwona hali siku mbili, na haulizi kwa kuwa naye ana mtihani. Na mwalimu wa madrasa anamjibu mtu kwa dakika moja kwa sababu watoto wanamsubiri.

(d) Dayn na rijal: uzito wa deni na kuelemewa na watu

Angalieni kuwa Mtume (s.a.w.) ameiweka dhiki ya moyo na dhiki ya mfuko katika dua moja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kupitia kwake watoto wengi wa wakulima na wavuvi wamesoma, na tunashukuru. Lakini si wote wanaopata, na wanaopata hawapati sawa. Fedha ya kujikimu, wanayoiita "bumu", ikichelewa, wapo wanaokula mlo mmoja kwa siku. Wapo wasio na kitanda hosteli, hulala wawili kwenye kitanda cha mmoja, wanaita "kubebana".

Kisha lipo deni lenyewe. Tangu mwaka 2016 mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi amalize kulipa. Vijana wetu wa Kiislamu walikuwa na msongo wa ziada, kwani deni lilikuwa likiongezeka kila mwaka kwa asilimia 6 ya tozo ya kulinda thamani ya fedha, na wengi waliingiwa na hofu ya riba. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Tunalitaja hili kwa kuwa bado wapo wazazi wanaowatisha watoto wao kwa habari za zamani. Mwenye shaka juu ya mkopo wake awaulize wanazuoni, akiwa ameshika mkataba wenyewe mkononi.

Kuelemewa na rijal ni kushindwa nguvu na watu. Wapo ndugu wanaompigia mwanafunzi simu kumwomba fedha kwa kuwa "yupo chuo". Yupo mzazi aliyeuza kiwanja na kila wiki humkumbusha mtoto kiwanja kile. Na lipo lililo baya zaidi, ambalo wasichana hulisema kwa shida: mwenye mamlaka juu ya alama zao kuwataka wasichokitaka. Mabinti zetu na wajue kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai, na TAKUKURU hupokea malalamiko yake. Binti akilileta jambo hili nyumbani, jambo la kwanza ni kumwamini. Asiulizwe alivaa nini.

DALILI ZAKE

Mzazi, mwalimu au rafiki aangalie haya:

1. Usingizi kukatika, au kulala kupita kiasi.
2. Kuacha chakula, kukonda, au kuumwa kichwa na tumbo mara kwa mara bila ya ugonjwa kuonekana.
3. Kujitenga, kutopokea simu, au majibu ya "salama tu" kwa kila swali.
4. Hasira za haraka kwa mtu aliyekuwa mpole.
5. Kusoma saa nyingi bila ya kushika kitu.
6. Kuacha mambo aliyoyapenda, ikiwemo swala ya jamaa. Tusikimbilie kulaumu, mara nyingi hii ni dalili ya maradhi.

Dalili hizi zikiendelea wiki mbili au zaidi, mtu apelekwe kwa daktari. Na akitoa neno la kutaka kujidhuru, hata kwa mzaha, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

TUFANYE NINI?

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake na kutawakali, au amfunge kisha atawakali. Akaelekezwa amfunge, kisha atawakali. Hadithi hii imepokewa na Tirmidhi. Tuyatazame basi ya kufunga.

Kwa mwanafunzi

Lala. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku, na unachokisoma usiku wa manane bila ya kulala hakikai. Salman (r.a.) alipomwona nduguye Abu Dardaa (r.a.) anafunga kila mchana na kukesha kila usiku kwa ibada, alimzuia na kumkumbusha kuwa nafsi yake na watu wake wana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada imewekewa kiasi, kupiga msuli hadi Alfajiri kuna haki gani?

Igawe kazi ya muhula kwa wiki. Igawe na bumu kwa wiki, tangu siku ilipoingia. Tafuta kikundi cha watu watatu au wanne mnaoelezana somo kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Fanya swala tano kuwa mapumziko matano ya siku. Funga kitabu, tawadha, toka nje. Fika msikitini au kwenye jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ya chuo chako, usikae peke yako. Cheza mpira, tembea, cheka na wenzio. Hanzala (r.a.) aliyedhani kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu nyumbani hali ya moyo wake si ile ya mbele ya Mtume (s.a.w.), alifundishwa kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile.

Ukizidiwa, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi. Kazi yake ni hiyo. Ujue pia kuwa mwanafunzi mgonjwa anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa utaratibu, akiwa na barua ya daktari. Kuahirisha ni tofauti na kufukuzwa, na wengi wanakimbia chuo kwa kutolijua hili.

Nanyi mlio kidato cha pili na cha tatu, anzeni leo. Soma ukurasa mmoja wa Kiingereza kila siku kwa kuelewa, usikariri. Ngamia hufungwa kabla ya usiku.

Kwa mzazi

Ukipiga simu, anza na swali la bibi yule: unakula? unalala? Swali la matokeo lingoje. Mwambie mtoto wako kwa ulimi wako, kabla hajaondoka, kuwa akifeli bado ni mtoto wako. Wewe waona hilo liko wazi, yeye hana hakika nalo. Kiasi utakachoweza kumtumia kila mwezi kitaje mapema, hata kiwe kidogo.

Wala tusione haya ya hospitali. Tumezoea kulitaja jina la Mirembe kama tusi, na kwa sababu hiyo watu hujificha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari, kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita mwanachuoni Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akieleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, nayo hutibiwa. Msomeeni mtoto Qur'an, na mpelekeni kwa daktari. Hayo mawili hayagombani. Waganga wanaodai fedha na kuwataja majirani kuwa ni wachawi wataongeza deni na ugomvi juu ya msongo.

Kwa walimu wa madrasa

Hili najiambia mwenyewe. Mwanafunzi wa zamani akija barazani, tumpe muda. Tuulize kabla ya kufundisha. Hapa kwetu sasa kila mwalimu ana orodha ya vijana watano walioko vyuoni, na anawapigia simu mara moja kwa mwezi. Ni vocha ndogo tu.

HITIMISHO

Kijana wetu alifuatwa Dar es Salaam na ami yake. Walikwenda hospitali, kisha kwa Mshauri wa Wanafunzi, akaahirisha masomo mwaka mmoja. Mwaka ule alikaa nyumbani, akimsaidia baba yake alfajiri pale Deep Sea. Alirudi chuoni, na alimaliza mwaka mmoja nyuma ya wenziwe. Ananiambia kuwa hadi leo usingizi wake ni mwepesi. Nilimwomba radhi. Akanijibu kuwa maneno yangu ya siku ile hakuyakasirikia. Aliyaamini, na hilo ndilo lililomuumiza.

Ndugu zangu, maneno yetu sisi wazazi na walimu yanaaminiwa. Basi tusimwite mvivu asiyeweza. Katika Surat Ash-Sharh (94:5-6) Mwenyezi Mungu (s.w.) ametufahamisha mara mbili mfululizo kuwa dhiki haiji bila ya wepesi pamoja nayo. Huenda wepesi wa kijana fulani Allah ameuweka katika simu utakayompigia wewe leo.

Ewe Mola wetu, wakinge vijana wetu na wasiwasi na huzuni, na kutoweza na uvivu, na woga na ubahili, na uzito wa deni na kuelemewa na watu. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo manane ambayo Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga nayo katika dua iliyoelezwa, na utoe mfano wa kila moja katika maisha ya mwanafunzi.
2. Eleza tofauti ya 'ajz na kasal. Je, katika masomo yako ya mwaka huu, ni lipi uliloshindwa na ni lipi ulilolizembea?
3. Ni nini kilichompata Imam Al-Ghazali mwaka 488 Hijria, na tunapata funzo gani?
4. Kazi ya nyumbani: muulize kaka au dada yako aliye chuoni kama anakula na kama analala. Andika jibu lake, ulilete darasani ikiwa amekuruhusu.